Mwalimu, Nilicheka Pamoja Nao

Mwalimu wangu Salvatori,

Ningekuandikia mapema, lakini aibu ilinishika mkono. Tangu tukuzike nimekuwa nikijidanganya kwamba wafu hawasikii, kwa hiyo hujui nilichosema siku ya matanga yako. Sasa mkeo, Mama Aline, amenijia nyumbani, na kujidanganya kumenishinda. Heri uyasikie kwangu mwenyewe.

Unajua desturi yetu. Watu wanakaa uani, vinywaji vinagawiwa, na kila mtu akishapata chupa yake, wasemaji wanasimama mmoja mmoja. Hakuna anayehutubia watu wenye kiu. Kaka yako mchungaji alisimama wa kwanza. Alikulilia vizuri, sikatai. Halafu akatabasamu: "Ndugu yetu alikuwa anafundisha ati tulitoka kwa nyani. Leo ameshafika kwa Muumba, ameshajionea mwenyewe." Ua mzima ulicheka. Na mimi, Mwalimu, nilicheka. Wala hakikuwa kicheko cha adabu, cha kufunika mdomo. Nilicheka mpaka Fanta ikanipalia.

Kisha wakaniita mimi, niseme kwa niaba ya wanafunzi wako wa zamani. Mama yangu alikuwa mstari wa pili na kwaya yake yote. Mchungaji huyohuyo ndiye atakayefungisha ndoa yangu mwezi wa nane. Nikasema ulikuwa mpole, ulitupenda, na kuhusu yale mambo ya wanyama watu wasikuhukumu. "Yalikuwa ya mtihani tu," nikasema. "Yako mu programu ya shule, angefanya nini?" Wakapiga makofi. Nilikaa chini nikijiona nimekulinda. Watoto wako walikuwa kwenye mkeka pale mbele, na wao hawakupiga makofi.

Ya mtihani tu! Wewe uliyekuwa ukiokota mifupa ya mbuzi kwenye meza za brosheti, wanakochoma mishikaki, wahudumu wakidhani una mbwa nyumbani. Walikuwa wakikuwekea na makombo ya ndizi, ya mbwa huyo, nawe ukachukua kwa kuona haya. Wewe uliyechemsha popo katika sufuria ya sombe, ya kupikia majani ya muhogo, ili nyama itoke kwenye mifupa, Mama Aline akakufukuza jikoni na mwiko: "Salva, leo watoto watakula nini, popo ao sayansi?" Hayo ndiyo ningewasimulia siku ile. Wangecheka vilevile, ila wangecheka nawe.

Nakumbuka siku uliyotupangia mifupa hiyo mezani: mguu wa mbele wa mbuzi, wa paka, bawa la popo, bawa la kuku. Ukatwambia tuanze juu, tushuke. Mfupa mmoja, kisha miwili, kisha vidogo vidogo, kisha vidole. Kwa mbuzi ile miwili imeshikana, ukatusogeza dirishani tuone mstari pale ilipoungana. Halafu ukakunja shati, ukalaza mkono wako mwenyewe kwenye ncha ya meza, kando ya mifupa hiyo. Mimi nilikuwa najipapasa mkono chini ya dawati. Mmoja, miwili. Huyu anaruka, huyu anakimbia, mimi ninaandika, lakini ndani tumejengwa kama watoto wa nyumba moja waliotumwa kazi tofauti. Mwili ukanisisimka. Nilipokwambia, ulifurahi kweli, ukasema hata huko kusisimka, vinyweleo kusimama, ni urithi wa wazee wetu waliokuwa na manyoya: paka akishtuka hufanya hivyo hivyo, na kwake bado kuna faida.

Hasira nilikuona nayo kwa jambo moja tu, mtu akidai unafundisha kwamba tulitoka kwa nyani. "Apana! Mi sikusema nyani ni babu yako. Nimesema we na nyani muko na babu moja, wa zamani sana." Na Jumapili ulikuwa unaimba besi katika kanisa la kaka yako bila wasiwasi wowote. Ukiulizwa unayapatanishaje, ulijibu kwamba Mungu hana haraka, wenye haraka ni sisi. Kaka yako alilijua jibu hilo. Mimi pia nililijua.

Mungu si Athumani, nililipwa mapema. Muhula uliofuata nilipewa mimi nifundishe darasa lako la biolojia, pale pale shuleni Mutakura. Nikatoa mifupa yako kwenye karatoni, nikaipanga kama ulivyokuwa ukiipanga. Kabla sijafungua mdomo, msichana mmoja wa kwaya, aliyekuwepo matangani, akanyoosha kidole. "Madamu, si ulisema ni ya mtihani tu?" Hakuwa na ubaya, aliuliza kweli. Darasa likacheka. Mimi nikarudisha mifupa kwenye karatoni, nikawasomea sura nzima imla, nukta na mkato. Waliandika kama watu wanaonakili tangazo la maji kukatika. Hakuna aliyejipapasa mkono. Mpaka leo sura hiyo naifundisha hivyo, na alama zao ni nzuri, na hawaelewi chochote.

Jumapili ndipo Mama Aline akaja, ametoka sokoni Jabe. Hakuketi. Maji niliyompa hakuyagusa, na unajua kwetu anayekataa maji yako ana neno nawe. Mwaka umetimia, Jumamosi hii familia inavua nguo za msiba, na wasemaji watasimama tena. "Mi sikusoma," akasema. "Kama ni kweli ao si kweli, sijui. Lakini bwana yangu hakukuwa mutu wa kusema asichoamini. We ulimufanya muongo mbele ya watoto yake. We ndiye utamutoa mu uongo huo." Akachukua kikapu chake, akaondoka.

Nimemwambia mama. Analia, ananisihi nisubiri kwanza niolewe. Naogopa, Mwalimu. Naogopa macho ya mchungaji, naogopa ndoa kuahirishwa, naogopa kicheko kile kile, mara hii kikinielekea mimi. Nikikumbuka kwamba wewe ulikivumilia miaka yote ukiwa na chaki mkononi, natamani ardhi ipasuke.

Lakini nakuahidi. Jumamosi vinywaji vikishagawiwa nitasimama mbele yao, na sitawahutubia juu ya mifupa, maana sijastahili bado. Nitawageukia watoto wako pale mkekani, niwaambie: baba yenu aliamini alichofundisha. Anayefundisha kwa ajili ya mtihani tu ni mimi.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Pumzika, na unisamehe ukiweza.

Mwanafunzi wako,
Espérance