Wanaoishi Nyumbani

Baba,

Chai iko kwenye chupa, viazi nimevifunika kwa sahani. Ukitoka bekari nawa mikono kwanza ndipo ushike hii fomu yangu ya mkopo wa serikali. Ikichafuka unga watanirudisha, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kuipokea.

Samahani kwa nilivyokufokea asubuhi. Nilikuwa naitia kwenye bahasha nikaona ulivyojaza: wanaoishi nyumbani, watatu. Na nyuma yake umebana cheti cha kifo cha mama. Nikakuuliza kama unataka nikose chuo. Ukasema, "Mkono umezoea, mwanangu," ukavaa viatu ukaenda kazini bila kunywa hata maji. Nikawasha redio nisiyoisikiliza.

Nimekata "watatu," juu yake nimeandika "wawili." Weka sahihi yako pembeni, maana bila sahihi ya mzazi masahihisho hawayakubali. Nimekwenda kupiga picha za pasipoti. Saa sita nitapita kuichukua.

~~Kikombe cha mama kitoe mezani ukirudishe kabatini.~~ Kikombe cha mama kiache hapo hapo. Hata mimi kila asubuhi nakisuuza kana kwamba kimetumika.

Jambo moja fomu haijauliza. Wakinipa huo mkopo nitahamia bwenini, na hapa utabaki mmoja. Nimeliwaza hilo kalamu ikiwa mkononi.

Saini tu hivyo hivyo, baba.

Binti yako