Kichupa cha Pili

Kaka yangu,

Huku tupo, tunajikongoja. Mama ameanza kula, na paa la jikoni limezibwa. Kuku wa Baba nimewagawia majirani, ila yule jogoo mkorofi amegoma kuhama.

Uliponiuliza kwenye simu Baba aliondokaje, nilikujibu, "Ghafla tu." Nilikuficha jambo.

Asubuhi ile alinijia maabara akijishika kifua. Nikamtoa damu mwenyewe, kile kipimo cha kuona kama moyo umeumia. Akanitania, "Mwanangu, mbu angalau huniimbia kwanza." Majibu yakatoka safi. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia mbele ya wagonjwa.

Lakini moyo ukiumia, damu huchelewa kusema. Ndiyo maana tunapima tena baada ya masaa matatu. Kila siku nawazuia watu wasiondoke kabla ya kipimo cha pili. Wananuna, wananitukana, nami nimeziba masikio. Baba aliposema, "Si umeona sina kitu? Kuku wangu hawajala," nilimfungulia mlango.

Alianguka bandani kabla ya adhuhuri, pumba ingali mkononi.

Sasa Mama huwaambia wanaokuja kutupa pole, "Afadhali alipimwa na binti yake mwenyewe." Nami nainama, nakusanya vikombe.

Kichupa cha kipimo cha pili nilikuwa nimeshakiandika jina lake. Kimo kwenye droo yangu ya kazini, kitupu. Kila nikitaka kukitupa, mkono unakataa.

Mdogo wako,
niliyemfungulia mlango