Makala Yenye Kufuli

Mdogo wangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Mimi nipo, nimechoka tu kama mlango wa maktaba yetu, kila mtu anausukuma na hakuna anayeurudisha. Feni ya chumba cha kusomea imekufa tena. Wanafunzi wanalala juu ya vitabu, nami siwaamshi. Afadhali wao wapumzike.

Juzi alikuja muuguzi anayemfunga Mama vidonda vya miguu. Alitaka makala yako, ile ya vidonda visivyopona. Niliipata mara moja: juu jina lako, chini yake alama ya kufuli, lipa kwanza ndipo usome. Jarida hilo chuo chetu kimeshindwa kulilipia. Nikawaomba wakutubi wenzangu wa vyuo vingine, nikaambulia patupu. Muuguzi akaniuliza, "Si ya mdogo wako hii?" Sikuwa na pa kuficha uso.

Usiniambie ulishatia saini mkataba na wachapishaji. Masharti yao nimeyasoma yote, ndiyo kazi yangu. Rasimu yako ya mwisho, kabla hawajaipanga kurasa za jarida, wanaruhusu tuiweke kwenye hifadhi ya maktaba mtandaoni, asome bure yeyote. Ni kunitumia tu. Nimekuandikia, nimekupigia, kimya.

Mguu wa kushoto wa Mama umeanza kunuka. Sikutaka ulijue hilo kwa barua.

Nilipomweleza Mama kwamba ulichoandika kimefungwa, alisema, "Mwambie afungue. Picha alizoweka humo ni za miguu yangu."

Ni mimi,
dada yako