Swali Nililomuuliza Kabula

Ijumaa. Upepo wa mwezi wa saba umeamka na vumbi lake, Bariadi nzima ina rangi ya matofali. Nimefika nyumbani, nimevua koti la kazi, na sina hamu hata ya ugali.

Leo Kabula alirudi kupimwa.

Mwezi uliopita alikuja kwenye chumba changu cha ultrasaundi na mumewe Masanja na mama mkwe wake, kutoka Nkoma. Mimba ya miezi mitano na ushee. Niliona figo ya kushoto ya mtoto imejaa vijifuko vya maji, vikubwa kwa vidogo. Ya kulia ilikuwa nzima, na figo moja nzima inamtosha mtu kuishi mpaka azeeke. Hilo ndilo nililopaswa kusema, kisha ninyamaze.

Sikunyamaza. Nilikuwa nimetoka kozi juzijuzi, kichwa kimejaa, nikatafuta pa kukimwagia. Nikachukua karatasi, nikawachorea. Figo huanza na kichipukizi kinachopanda kutoka chini kikijigawa matawi, na pembeni zipo seli laini zinazokingoja. Huitana. Kichipukizi kikifika, seli hukusanyika zikafanya kijifuko, nacho hurefuka kikawa mrija uliojikunja. Ncha moja ya mrija hukutana na vishipa vya damu, hapo ndipo pa kuchujia. Ncha nyingine hutobokea ndani ya tawi, mkojo ukapata njia. Huku kushoto, nikasema, inaelekea mirija haikuungana na matawi, ndiyo maana maji yamekwama.

Masanja akauliza mambo hayo hutokea lini. Nikahesabu kwa vidole, kwa mbwembwe. "Kwenu ni kama mwezi wa pili." Nikamgeukia Kabula. "Mwezi wa pili ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa napuliza dawa ya pamba," akasema.

Mama mkwe akasema polepole, "Aa, kumbe," akajifunga kanga yake upya. Mimi nikaandika jibu kwenye fomu, nikaita mgonjwa mwingine.

Leo aliingia peke yake. "Mwangaluka, dokta." Mimi si daktari, ila hapa kila mwenye koti jeupe ni dokta. Nikamtania kwamba Nkoma wamemchoka, hata kumsindikiza hawataki? Akasema hatokei Nkoma, anatokea kwao, Mwamapalala. Amerudishwa, hii ni wiki ya pili. Upande wa mume wanasema ameharibu mtoto kwa mikono yake mwenyewe, na kwamba dokta wa mjini ndiye aliyeligundua.

Dokta wa mjini ni mimi.

"Na bomba lenyewe la dawa alinivisha mama mkwe mgongoni," akasema. "Masanja alikuwa ameenda mnadani na ng'ombe. Hata sikujua kama nina mimba."

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu.

Ukweli ni kwamba sijui kilichozuia ile mirija. Mara nyingi hakuna anayejua. Kuna mama ambaye hajawahi hata kushika dawa ya shamba, na kwa mtoto wake ikawa vilevile. Niliuliza swali ambalo jibu lake nisingeweza kulifanyia chochote. Niliuliza ili nionekane najua. Naona aibu, tena mbele ya sahani yangu mwenyewe.

Picha ya leo ni nzuri. Figo ya kulia inakua, maji ya uzazi yanatosha, mtoto anarusha mateke. Nilimwambia yote hayo nikiwa nimemshika mkono. Halafu nikamwomba ruhusa niende Nkoma nikaongee na wakwe zake. Akainamisha kichwa, akaendelea kufuta jeli tumboni.

"Utasema nini, dokta? Wewe walishakusikia."

Hata hivyo ruhusa alinipa. Kesho asubuhi napanda bodaboda. Nimejaribu maneno mbele ya kioo, na kila mara najikuta naanza na kichipukizi na matawi yake, naacha, naanza tena. Nitampigia goti yule mama mkwe, nitamsalimia, na kabla sijamfundisha chochote nitamwambia neno lililonishinda siku ile mbele yake: sijui.