Mtoto Asiyepiga Chafya

Kaplong, Jumanne, 4 Juni 2024

Mama mpendwa,

Hujambo? Mgongo waendeleaje? Sisi tupo, ila sielewi tupo vipi. Juzi nilijifungua msichana. Mama, halii. Akinyonya mara mbili analala na titi mdomoni.

Jana mama mkwe alikuja kumpa jina. Hapa kwa Wakipsigis hutajwa marehemu wa ukoo mmoja mmoja. Mtoto akipiga chafya, aliyetajwa hapo ndiye amerudi. Alitaja kumi na wanne, akamnusisha hata ugoro. Kimya! Sasa anasema mtoto si wa boma hili, na hataki kumshika. Kipngetich ananitazama tu. Mume wangu anafikiria nini, Mama? Mimi sijatoka nje ya ndoa!

Binti yako,
Akello

Rangwe, Jumatano, 5 Juni

Nyara Akello, binti yangu,

Mgongo ni ule ule. Mjukuu anapumua vizuri? Wewe ulipojifungua ulidungwa sindano gani? Mrudishe hospitali leo.

Mama yako

Kaplong, Alhamisi, 6 Juni

Mama,

Shikamoo. Anapumua sawa. Nesi Janefer amempima, akasema ni ile sindano ya kutuliza maumivu niliyodungwa nikijifungua. Dawa ilimfikia kupitia kitovu, tukalewa wote wawili, ila mwili wake mdogo unachelewa kuitoa. Nimwamshe anyonye.

Lakini niliiomba mwenyewe, Mama. Hapa mwanamke huzaa akiwa amenyamaza. Nikisema nilidungwa, mimi ni mwoga. Nisiposema, mtoto ni wa nje. Nimechanganyikiwa.

Akello wako

Rangwe, Ijumaa, 7 Juni

Nyara,

Pole. Mpe wifi yako Caren amsomee mama mkwe wako hii kwa sauti.

Mama Kipngetich, habari za huko? Mjukuu wetu hajakataa mtu, amelewa dawa tu. Akello nilimzaa bila sindano, akalia siku mbili mpaka tulipomtaja Adoyo, marehemu mama yangu, ndipo akatulia, likawa jina lake la pili. Kwetu hulia, kwenu hupiga chafya. Huyu hakuweza lolote. Tumngoje.

Mama yako,
Yunia

Kaplong, Jumapili, 9 Juni

Mama,

U mzima? Caren alisoma. Alipofika kwa Adoyo, mtoto akapiga chafya! Mara mbili, kisha akalia hadi majirani wakaja. Sijui ni dawa iliyoisha au ni nyanya aliyefika. Nililia pia.

Mama mkwe hakutaja sindano. Alimchukua mtoto, akaniambia niandike hivi: “Uliza mama yako, huyo Adoyo alikuwa anapenda chai namna gani? Amekuja kwa watu hajui.”

Tujibu upesi.

Binti yako,
Mama Adoyo