Dole la Mama

Jumanne, 1 Julai 2025

Wosia wa Baba umekataliwa! Karani wa mahakama ya mwanzo kaugeuza mara mbili. Kasema marehemu hakujua kusoma, kwa hiyo mashahidi wanne — sawa, wapo. Halafu kauliza, mke naye lazima ashuhudie, dole lake liko wapi?

Halipo. Siku ya kuuandika Mama alificha mkono kwenye shuka. Mke akiweka dole kwenye habari za kifo cha mumewe, alisema, anakiita hicho kifo! Baba alimbembeleza. Wapi! Sasa karatasi iliyompa Mama nyumba na shamba, mimi nikiwa msimamizi wa mirathi, ni ya kuwashia jiko.

Nimemfokea Mama. Mjane wa wiki saba! Najichukia.

Ijumaa, 4 Julai

Kikao cha ukoo. Kaka yangu Evarist kaja na muhtasari umeshaandikwa, msimamizi yeye. Mnunuzi wa shamba anaye, Bashay nzima inajua. Baba mdogo Yohanes kauliza tu, mama yenu atalala wapi? Evarist kamtandika fimbo ya kichwa. Mzee wa miaka sabini! Damu hadi kwenye muhtasari. Waliobaki wakasaini wameinama. Waoga wakubwa!

Nilipojaribu kuuchana nikala ngumi. Jino linacheza. Polisi wamenipa PF3, nikatibiwe. Evarist hawajamwona, wanasema.

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi Mama kasema, twende mahakamani. Yeye! Kaweka dole kwenye pingamizi la kumkataa Evarist, kalikandamiza hadi karani akasema basi bibi, inatosha. Kusikilizwa Jumatatu. Mwenye kuliondoa pingamizi ni Mama mwenyewe tu, kwa dole lake.

Evarist kazipata habari kabla hatujafika nyumbani. Kamkaba Mama shingo, kamburuta hadi kwenye mahindi, karatasi ya kuondoa pingamizi mfukoni, na wino. Mama kamng'ata. Kampiga Mama kibao — mama aliyemzaa! Nikamshushia mchi wa mgongo. Mara mbili. Ningemuua, Mungu anisamehe, nilitaka.

Kaondoka anachechemea. Kasema Jumapili anarudi na wenzake, dole hilo atalipata hata likiwa limeachana na mkono.

Jumapili, 13 Julai

Misa hatukwenda. Baba mdogo, kichwa na bandeji, kafuata mgambo. Hajarudi. Nimeegemeza kinu mlangoni. Panga liko hapa chini ya daftari.

Mama alikuwa jikoni. Akaniuliza, dole nililoweka kule linafutika? Nikamwambia halifutiki, Mama. Akauliza mara ya pili. Nikajibu huku natazama barabarani — mjinga mimi!

Nikasikia harufu. Dole la kulia, kwenye kaa la moto! Nikamvuta. Akanisukuma kwa bega, akaweka na la kushoto. Hakulia. Mimi ndiye niliyepiga kelele.

Nimeyamwagia maji. Ngozi imebanduka yote. Mama anatetemeka, meno yanagongana, lakini anasema mimi nimeshasema mara moja, sisemi tena. Aje na wino wake.

Pikipiki. Mbili. Zimezima hapo nje.

Mama kaficha mikono kwenye shuka.

Evarist yuko mlangoni. Sauti ya upole kabisa, shetani huyu! Shikamoo Mama.

Marahaba, anaitikia Mama. Ananiambia Hilaria, toa kinu, umfungulie kaka yako.