Kwa Nini Sikuja Kwenye Harusi Yako

Bondeni, Mombasa

Dada yangu mpendwa Mghoi,

Hujambo, na shemeji hajambo? Kifua cha Mama kimetulia, au baridi ya huko Wundanyi bado inamkohoza? Mimi mwili ni mzima, ila moyoni si shwari. Tangu harusi nakupigia simu na hupokei, ndiyo maana nimeshika kalamu. Naomba uisome barua hii mpaka mwisho.

Ningeweza kuja, Dada. Ningenyamaza tu, ningekuja.

Unajua benki yetu iliniajiri niwapangie hifadhidata mpya, yaani kumbukumbu zao zote za kwenye kompyuta. Napanga majedwali, hili la wateja, lile la akaunti, na namna yanavyoshikana. Mwanzoni mkuu wangu, Bwana Swaleh, aliagiza kila akaunti iwe na mwenyewe mmoja ili kazi iishe upesi. Nilimwambia zipo akaunti za watu wawili. Akasema ni chache, tutaziangalia baadaye. Tulikuwa tuhamie mfumo mpya wiki moja kabla ya harusi yako, na tiketi ya treni hadi Voi, ya kuja huko Wundanyi, nilikuwa nimeshakata.

Siku chache kabla ya kuhama, tukawaita baadhi ya wateja waje wahakikishe habari zao. Wakaja bibi wawili wa Mji wa Kale, Bi. Rehema na Bi. Mwanaisha. Ni wake wenza. Mume wao alifariki zamani, nao bado wanaishi nyumba moja na kupika mahamri ya kuuza. Akaunti yao ni moja, na hakuna anayetoa kitu bila mwenziwe kutia sahihi. Karani akamsomea Bi. Rehema habari zake, akamaliza.

"Na mimi?" akauliza Bi. Mwanaisha.

"Wewe humo, bibi."

"Simo? Kwani nimekosa nini?"

Karani akaniita. Nikatazama kompyuta, jina lake halikuwemo. Bi. Rehema akamshika mwenziwe mkono, akaniambia kwa upole, "Basi mwanangu, nitoe na mimi. Sisi twalikuja pamwe."

Nikapanda moja kwa moja hadi kwa Bwana Swaleh. Nikamweleza kwamba kuongeza jina hakutoshi. Lazima liwepo jedwali la tatu katikati, la kuonyesha nani ana haki na akaunti ipi, na nani hawezi kutoa peke yake.

"Itachukua muda gani?"

"Wiki nzima. Tutahama Jumamosi ya pili."

"Si ndiyo harusi ya dada yako?"

"Ndiyo."

"Ukitaka tuache ilivyo, Wakesho, tutaacha. Shauri yako."

Hapo ndipo nilipoumia. Angenilazimisha, ningekuwa na wa kumlaumu.

Nilipokupigia nilisema tu kazi imeongezeka. Ukaniuliza, "Benki nzima haina mtu mwingine?" Hakuwepo. Mwenzangu niliyeanza naye kazi alishahamia Nairobi. Lakini sikukwambia hayo, nililia tu, nawe ukakata simu.

Jumamosi ile benki ilipofunga, nilitoka kutafuta chakula Makadara kabla hatujaanza kuhamisha. Njiani nikapita nyumba yenye harusi. Vigelegele vilikuwa vinamiminika hadi barabarani. Nikasimama. Mama mmoja aliyekuwa mlangoni akaniona, akasema, "Pita ndani, mwanangu, mbona wasimama juani?" Nikamwambia nina kazi, nikaondoka haraka asinione machozi. Huo mwaliko ndio ulionimaliza. Chakula nilikinunua na sikukila.

Kazi ilikwenda salama. Jumatatu bibi wale wakarudi, na karani akawasomea majina yote mawili. Bi. Mwanaisha akaomba lake lisomwe tena. Akasikiliza, akacheka, wakatoka wameshikana mikono. Nilitamani kumwambia mtu. Wenzangu walikuwa na wateja wao, na wewe ndiye huwa nakupigia mambo kama hayo yakitokea. Nikarudi mezani nikakaa.

Hapa watu ni wema, wananisalimu asubuhi na jioni, lakini nikifunga mlango wa chumba hakuna anayejua kama nimekula.

Sijui kama nilifanya vyema. Kwa wale bibi, naamini nilifanya vyema. Kwako sijui.

Msalimie Mama, na shemeji ambaye hata mkono sijampa. Msalimie binamu yetu Shali, aliyesimama mahali pangu kanisani, na mjomba aliyekutoa kwa niaba ya marehemu Baba.

Nimepewa likizo, Ijumaa ijayo nakuja. Nimemkataza Mama kunisimulia chochote kuhusu siku ile. Nataka kuisikia kwako, hata ukinisimulia kwa hasira.

Mdogo wako,
Wakesho